Pesa Ninayo, Kulipa Siwezi

Andazi lile la mvuke, lililojazwa mboga za majani na uyoga, liliuzwa yuan 3. Mfukoni nilikuwa na yuan 2,000, noti mpya za 100 nilizozibadilisha Dar es Salaam siku mbili kabla ya safari, na bado sikuweza kulinunua.

Ilikuwa asubuhi ya Oktoba 2024 katika mtaa wa Xiaobei, jijini Guangzhou, kusini mwa China. Mwanamke aliyekuwa akiuza mandazi hayo kwenye kigari cha magurudumu aliipokea noti yangu, akaigeuza, akanirudishia, kisha akafungua viganja vyote viwili: chenji sina. Akanionesha kwa kidole kibao cha plastiki kilichoning'inia kwa uzi, chenye mraba uliojaa madoadoa. Nyuma yangu walisimama watu sita au saba waliokuwa wakiwahi kazini. Mmoja baada ya mwingine alinyoosha mkono juu ya bega langu, akaelekeza simu kwenye ule mraba, akachukua andazi lake akaenda zake. Simu ya muuzaji, iliyokuwa mfukoni mwa aproni, ilitamka kwa sauti kila kiasi kilichoingia, yuan tatu, yuan sita, yuan tatu tena, naye hata hakuitazama.

Programu ya Alipay nilikuwa nayo. Niliipakua nikiwa nyumbani, nikajaza jina, nikapiga picha pasipoti, nikaona mambo yamekwisha. Kumbe kadi ya benki nilikuwa sijaiunganisha. Sasa, nimesimama mbele ya mandazi yanayofuka moshi, nikaingiza namba za kadi, na benki yangu ikafanya kile benki yoyote ingefanya: ikatuma tarakimu za uthibitisho kwenye laini yangu ya Tanzania. Laini hiyo ilikuwa imelala tangu ndege iruke, maana sikuwa nimeomba ifanye kazi ng'ambo. Tarakimu zikaenda, hazikunikuta.

Muuzaji alinitazama kidogo, akatia andazi kwenye mfuko, akanipa, akapunga mkono: nenda. Nikaondoka na noti 20 za yuan 100 na deni la yuan 3.

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanaifahamu Xiaobei kama wanavyoufahamu Mtaa wa Kongo wa hapo kwao. Hapo ndipo lilipo jengo la Tianxiu, ghorofa juu ya ghorofa ya maduka ya jumla na ofisi za mawakala wa mizigo. Pembeni kuna migahawa ya halali ya Wauyghur wanaooka mikate ya tanuri na kuchoma nyama ya kondoo, na ukipita jioni utasikia Kiswahili, Kilingala, Kiarabu na Kifaransa cha Afrika Magharibi kabla hujasikia Kichina. Msimu wa Oktoba mji hujaa zaidi kwa sababu ya maonesho makubwa ya bidhaa yanayojulikana kama Canton Fair, yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo hufanyika mara mbili kila mwaka.

Katika nyumba ya wageni niliyofikia alikuwepo mama mmoja anayeuza mapazia Kariakoo. Safari yake ya kwanza kuja Guangzhou ilikuwa mwaka 2009. Jioni ile nilimkuta sebuleni akipanga sampuli za vitambaa, nikamsimulia mkasa wa andazi.

"Mwanangu, umekuja China na noti za mia tupu?"

"Nilidhani pesa ni pesa, mama."

"Pesa ni pesa kwa anayeweza kuipokea." Akainuka, akaingia chumbani kwake, akarudi na bahasha ya khaki iliyochakaa pembeni. Ndani mlikuwa na noti za yuan 1, 5 na 10, na sarafu chache. "Hizi ni chenji za watu. Aliniachia dada mmoja wa Mwanza alipokuwa anaondoka, naye aliachiwa na mwingine. Tumia. Ukiondoka, jaza ulichopunguza, umwachie anayefika. Na kesho kamlipe yule mama wa mandazi kabla hujala kitu kingine."

Aliniambia kwamba mwaka ule wa 2009 alikuja na dola amezifunga kiunoni kwa khanga, akazibadilisha kidogo kidogo kwa waliokuwa wakisimama barabarani na mabunda ya yuan. Kila duka lilikuwa na mashine ya kuhesabia noti, kelele zake unazisikia kutoka korido. Alipokuja tena mwaka 2013 mashine zilikuwepo. Alipokuja 2017 zilikuwa zimefunikwa kitambaa.

Kilichosababisha hayo ni mambo mawili makubwa ya kampuni mbili. Alipay ilizaliwa mwaka 2004 kama dawa ya kutoaminiana. Watu walikuwa wakinunua vitu kwenye soko la mtandaoni la Taobao, mnunuzi akiogopa kutanguliza pesa, muuzaji akiogopa kutanguliza mzigo; Alipay ikasimama katikati, ikashika pesa mpaka mzigo ufike. Kila mfanyabiashara wa Kariakoo aliyewahi kutumiwa kontena lenye bidhaa tofauti na sampuli anaelewa thamani ya mtu wa katikati wa namna hiyo. Kampuni ya Tencent nayo ikaingiza malipo ndani ya programu yake ya mawasiliano, WeChat, mwaka 2013, na mwaka mpya wa Kichina wa 2014 ikaichukua desturi ya kale ya kupeana bahasha nyekundu za pesa, ikaigeuza kuwa mchezo wa simu. Bibi akamtumia mjukuu, bosi akawarushia wafanyakazi wakagombania, na ili utume bahasha au utoe pesa uliyopokea ilibidi uunganishe akaunti yako ya benki. Kwa sikukuu moja watu wengi wakawa wamekwisha kuingia bila kushawishiwa na tangazo lolote.

Mraba wa madoadoa ndio uliorahisisha mengine. Haukubuniwa China wala haukubuniwa kwa ajili ya pesa. Ulitengenezwa mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave ya Japani, chini ya mhandisi Masahiro Hara, ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Denso Wave iliamua kutowatoza watu malipo ya kuutumia. Kwa hiyo muuza viazi vya kuchoma hakuhitaji kununua mashine ya kadi. Alihitaji karatasi iliyochapishwa na simu.

Kuna jambo katika historia hii linalonigusa kila ninapolifikiria. Noti ya karatasi ni mtoto wa China. Katika jimbo la Sichuan, wakati wa utawala wa Song, wafanyabiashara walichoka kubeba sarafu za chuma, wakaanza kuandikiana hati zilizoitwa jiaozi. Serikali ikaichukua kazi hiyo mwaka 1023 na kufungua ofisi yake. Sarafu za shaba za watu hao hao zimefukuliwa pwani yetu, Unguja na Kilwa, na mwaka 2013 watafiti walipata katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu ya enzi za mfalme Yongle, aliyetuma merikebu za baharia Zheng He. Sarafu ile ina tundu la mraba katikati la kupitishia uzi. Ilisafiri bahari nzima, na popote ilipotua, mtu aliweza kuishika, kuipima uzito na kuamua kama anaikubali. Haikuuliza aliyeileta ni nani.

Asubuhi iliyofuata nilimlipa yule mama wa mandazi yuan 3 za jana na yuan 3 za siku hiyo. Alicheka, akafunua kopo la biskuti lililokuwa chini ya kigari, akaziweka humo. Kopo lilikuwa karibu tupu.

Siku hiyo hiyo kijana mmoja wa Kitanzania anayefanya kazi kwa wakala wa mizigo alinisaidia kufungua laini kwa ajili ya ng'ambo kupitia huduma kwa wateja ya kampuni ya simu ya nyumbani. Tukaongea nao kwa mtandao wa nyumba ya wageni, laini ikaamka, tarakimu za benki zikaingia, kadi ikakubali. Kazi ya dakika kumi. Ningeifanya nikiwa sebuleni kwangu, nisingekuwa na la kuandika. Ndiyo maana kila anayeniuliza sasa namwambia: malizia kila kitu ukiwa bado kwenye ardhi ambayo laini yako inapumua. Pakua Alipay na WeChat zote mbili, kwa kuwa kuna siku moja itakataa na nyingine itakubali. Unganisha kadi, na kama unazo mbili za benki tofauti, unganisha zote. Iambie benki unasafiri, vinginevyo muamala wa kwanza kutoka Guangzhou itauona kama wizi. Fungua laini yako ipokee ujumbe ng'ambo hata kama hutapiga simu. WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China, hivyo usitegemee kwamba ukikwama utamwita ndugu yako kwa njia uliyoizoea.

Mlango huu wa kadi za kigeni wenyewe ni mpya. Kwa miaka mingi mgeni asiyekuwa na akaunti ya benki ya China alikuwa nje kabisa. Novemba 2019 Alipay ilifungua njia ya muda kwa wageni, na Julai 2023 Alipay na WeChat zikaruhusu kadi za Visa na Mastercard kuunganishwa moja kwa moja. Mwaka 2024 serikali ya China ilisukuma jambo hili kwa nguvu, kwa sababu baada ya miaka ya kufungwa kwa mipaka kwa ajili ya korona wageni walikuwa wakirudi na kukwama kama nilivyokwama mimi. Kiwango cha muamala mmoja kikapandishwa kutoka dola 1,000 hadi dola 5,000, na cha mwaka kutoka dola 10,000 hadi dola 50,000. Nilipokwenda, manunuzi yasiyozidi yuan 200 hayakukatwa ada na programu; yakizidi hapo yalikatwa asilimia 3, mbali na makato ya benki yako ya nyumbani. Nilimwona Mtanzania mmoja kwenye duka la viatu akimwomba muuzaji agawanye bili ya yuan 580 vipande vitatu. Muuzaji alikubali bila neno. Ameshazoea.

Wageni wengine walikuwa wameshapita mlango mpana zaidi. Mkorea alilipa kwa Kakao Pay na Mmalaysia kwa Touch 'n Go, pochi zile zile wanazotumia kwao, maana zimeunganishwa na mfumo wa Alipay. Mkenya tangu mwaka 2022 ana kadi pepe ya Visa ndani ya M-Pesa yake, kazi ya pamoja ya Safaricom na Visa, ya kulipia vitu vya ng'ambo mtandaoni. Mimi nilipita kwa kadi ya plastiki ya benki. Mtanzania mwenzangu asiye na akaunti ya benki wala kadi yoyote, ambaye M-Pesa ndiyo benki yake ya maisha yote, angepita wapi?

Swali hilo liliniuma zaidi kwa sababu wageni wengi niliokutana nao kwenye maonyesho, hasa kutoka Ulaya, walikuwa wakishangaa mambo ambayo sisi hayatushangazi hata kidogo. Kulipia nyanya kwa simu! Kumlipa dereva kwa simu! Mama wa mapazia aliwasikiliza na kutabasamu. Kwake hiyo ilikuwa lipa namba tu kama ya nyumbani, yenye picha badala ya tarakimu. Kenya ilianza M-Pesa Machi 2007 na Tanzania ikafuata mwaka 2008, miaka mitano kabla malipo hayajaingia kwenye WeChat. Sisi na Wachina wengi tumefanana katika jambo moja: tuliruka kutoka noti kwenda simu bila kukaa sana kwenye kadi.

Tofauti iko kwenye chombo. M-Pesa iliwekwa kwenye laini. Ukiwa na kitochi cha vitufe unabonyeza *150*00#, unafuata maelekezo, unaweka namba ya siri, pesa imekwenda, hata kama huna bando. Alipay na WeChat zinataka simu janja, intaneti na macho yanayoweza kusoma menyu ndefu. Kwa upande mwingine mfumo wao ni mwepesi zaidi dukani: hakuna kusema "subiri meseji iingie," hakuna muuzaji kusogeza simu mwangani kuhakikisha jina. Ile sauti inayotangaza kiasi kilichoingia ningependa niisikie Kariakoo kesho asubuhi.

Kadi yangu ilipokubali, nilirudi kwa yule mama wa mandazi siku ya tatu nikiwa na furaha ya mtoto. Nikaelekeza simu kwenye mraba wake. Ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Mteja aliyekuwa nyuma yangu, anayejua Kiingereza, alinieleza: mraba ule ni wake binafsi, kama mtu anavyompa rafiki namba yake amtumie pesa. Hajasajiliwa kama mfanyabiashara. Kwa utaratibu wa wakati ule, kadi za kigeni ziliruhusiwa kulipa kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, hazikuruhusiwa kumtumia pesa mtu binafsi. Dukani kwenye jengo la ghorofa kumi nalipa bila shida. Kwa mwanamke mwenye kigari na kopo la biskuti, siwezi.

Nilisimama pale kwa muda. Hapo ndipo nilipoelewa mambo niliyokuwa nikiyaona kwa siku tatu bila kuyaunganisha. Mfumo ule unawahudumia vizuri ajabu wote waliomo. Wanaobaki nje ni wawili, nao hukutana mara nyingi: mgeni ambaye nchi haimtambui, na mchuuzi mdogo kabisa ambaye mfumo haumhesabu kuwa na biashara. Mimi na yeye tulikuwa na pesa, tulikuwa na andazi, tulikuwa tunaaminiana tangu siku ya kwanza. Kilichotuwezesha kuuziana kilikuwa noti tatu za yuan moja kutoka kwenye bahasha ya khaki. Nikaendelea kumlipa kwa noti hizo kila asubuhi mpaka nikaondoka.

Wachina wenyewe wameliona jambo hili, na nisipolisema nitakuwa sitendi haki. Novemba 2020 picha za bibi wa miaka 94 zilisambaa nchini mwao: alipelekwa benki katika mji wa Guangshui, mkoa wa Hubei, na jamaa zake wakamwinua mikononi, magoti yamekunjika, ili uso wake ufikie kamera ya mashine ya kumtambua. Watu walikasirika. Mwezi huo huo serikali ilitoa mwongozo wa kuwasaidia wazee wasiachwe nyuma na teknolojia. Benki Kuu ya China ilikwisha kutoa tangazo mwaka 2018 na ikatoa jingine mwishoni mwa 2020 kwamba kukataa fedha taslimu ni kosa, na imewatoza faini waliokataa. Mwaka 2024 benki zikaanza kuandaa vifurushi vya chenji, noti ndogo ndogo kwenye pochi ya plastiki, mahususi kwa wageni na madereva wa teksi. Dada wa Mwanza na wenzake walikuwa wameshalibuni jambo hilo kwa bahasha. Katika mabasi ya jiji la Guangzhou bado kuna kisanduku kando ya dereva cha kutumbukiza nauli ya yuan 2, na chenji harudishi. Nilipanda mabasi hayo kwa makusudi.

Uswidi nako, ambako malipo ya simu ya Swish yalianza mwaka 2012 na mgeni asiyekuwa na akaunti ya benki na namba ya utambulisho ya nchi hiyo hawezi kuyatumia, serikali iliwatumia raia kijitabu cha maandalizi ya vita na majanga Novemba 2024, wiki chache baada ya safari yangu. Kati ya vitu wanavyoshauriwa kuweka nyumbani, pamoja na maji na chakula, kuna fedha taslimu.

Hadi hapa nimezungumzia sheria na mabenki, lakini kuna adui mdogo zaidi naye ni betri. Siku ya tano simu yangu ilizima nikiwa Pazhou, kwenye ukumbi wa maonyesho, saa kumi na mbili jioni. Kila kona ya Guangzhou kuna kabati za pawabenki za kukodi. Unachomoa, unachaji, unarudisha kwenye kabati lolote. Ni huduma nzuri kupita kiasi. Lakini ili uichomoe pawabenki inabidi uelekeze simu kwenye mraba, na simu yangu imekufa. Nilizunguka kabati lile kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba. Katika simu ile mlikuwa na pesa yangu, ramani yangu, tafsiri yangu ya Kichina, anwani ya nyumba ya wageni na tiketi ya treni ya chini ya ardhi. Mfuko wa suruali ukitoboka, mtu hupoteza sarafu. Betri ikiisha hapa, unapoteza uwezo wa kuuliza njia. Mlinzi mmoja alinichajia simu kwa dakika ishirini kwenye soketi yake. Tangu hapo natembea na pawabenki yangu mwenyewe, na karatasi yenye anwani iliyoandikwa kwa Kichina.

Kwa mzigo mkubwa, simu haihusiki sana. Mama wa mapazia hulipa viwanda kupitia benki, kutoka akaunti ya biashara yake kwenda akaunti ya kiwanda, na risiti anazihifadhi kwenye faili. Zamani alikuwa akimpa mtu shilingi Kariakoo na mwenzake mtu huyo anamlipa mwenye duka kwa yuan. Aliacha. Katika masoko ya jumla, hasa ya mji wa Yiwu, wenye maduka wameona akaunti zao zikifungiwa na polisi kwa sababu yuan walizopokea kutoka kwa mtu wasiyemjua zilitoka kwenye utapeli au kamari. "Pesa yako safi," aliniambia, "inapitishwa kwenye mkono mchafu usioujua, halafu duka la mwenzio linafungwa. Atakuuzia tena?"

Nimerudi nyumbani na macho tofauti. Kwenye kivuko cha Magogoni watu wanaovuka kwenda Kigamboni hupita kwa kadi ya malipo iitwayo N-Card. Ni jambo jema. Lakini nimewaona pale wageni wa jiji, mzee katoka Rufiji na kuku wake, ana pesa ya nauli kwenye kiganja, na hajui kadi inanunuliwa dirisha lipi. Kigali niliwahi kukataliwa kupanda basi kwa kuwa sikuwa na kadi ya Tap&Go, na abiria mmoja akanigongea ya kwake. Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipozimwa nchini kwetu, waliokuwa wakisubiri namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, walipoteza zaidi ya uwezo wa kupiga simu, kwa kuwa pochi yao ilikuwa humo humo kwenye laini.

Na tukumbuke Julai 2021. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza, watu wengi waliamua kurudi kwenye noti: wakatuma pesa kwa makondakta wa mabasi, wakalipana mkononi, wakawaacha mawakala wakikaa bila wateja. Serikali ikasikia, tozo ikapunguzwa, baadaye ikapunguzwa tena. Waliweza kurudi kwenye noti kwa sababu noti ilikuwepo na kila duka lilikuwa likiipokea. Mimi napenda malipo ya simu. Yamewatoa watu wetu kwenye foleni za benki na yamepunguza ujambazi wa kunyang'anya mabunda. Ninachokitaka ni kwamba sheria iseme wazi, kabla hatujafika waliko Wachina, kwamba dirisha la taslimu kwenye huduma za umma halifungwi. Wao ilibidi waliandike jambo hilo upya baada ya bibi wa miaka 94 kuinuliwa mbele ya kamera. Sisi hatuhitaji kumsubiri bibi yetu.

Usiku wa mwisho Xiaobei nilihesabu kilichomo kwenye bahasha. Nilikuwa nimetumia yuan 41, nyingi kwa mandazi na mabasi. Kijana wa wakala wa mizigo alinisaidia kuvunja noti yangu moja ya 100 kwenye duka la mikate la Wauyghur, nikarudisha 41, nikaongeza nyingine za 5 na 10. Mama wa mapazia alikuwa bado na wiki moja, akaishika bahasha.

Saa nne usiku alibisha hodi kijana mmoja kutoka Tunduma, begi moja mgongoni, safari yake ya kwanza. Alikuwa amelipiwa teksi na mtu aliyekutana naye kwenye uwanja wa ndege wa Baiyun. Akatuamkia wote, akakaa, akatoa simu na kuanza kuibonyeza kwa wasiwasi.

"Shangazi, naambiwa hapa kila kitu ni kwa simu. Ya kwangu inaniambia nisubiri ujumbe, na ujumbe hauji."

"Laini yako imelala, baba. Kesho tutaiamsha." Akaingia chumbani, akarudi na bahasha ya khaki. "Asubuhi toka nje, shika kulia, utamkuta mama ana kigari cha mandazi. Usimpe noti ya mia."